Kadi imegoma Mwanjelwa, mabati hayajalipiwa

Kutoka: mwana-Rungwe wa Minneapolis (sasa niko Uyole)

Ndugu zangu wa Nyanda za Juu Kusini, kamwene, ugonile. Nimekuja nyumbani kupaua nyumba ya mama kabla mvua hazijashika. Leo asubuhi nilichanja kadi yangu ya mkopo ya Marekani dukani, maji na mkate tu, ikakubali. Nikatoa fedha kwenye ATM, ikakubali. Saa nane mchana nikaenda duka la vifaa vya ujenzi Mwanjelwa kuchukua mabati ya geji 28, ikagoma. Nikarudia, ikagoma. Nikamwomba muuzaji agawe malipo mara mbili, ikagoma. Akasema kadi haina hela, na mama yupo pembeni anasikia. Hela ipo! Hawa benki wananibana kwa sababu niko Afrika? Fundi anaanza kesho.

Kutoka: dada wa Columbus, Ohio

Pole sana kaka, na mama mpe shikamoo yangu. Nafanya kazi kitengo cha kadi cha benki moja huku, simu za namna yako napokea kila zamu, kwa hiyo niwie radhi nikiandika kirefu.

Kwanza muuzaji msimlaumu. Ukichanja, ombi linatoka kwenye mashine yake, linapita benki yake, linapita mtandao wa Visa au Mastercard, linafika benki yako Marekani na jibu linarudi kabla hujarudisha pochi mfukoni. Anachoona yeye mara nyingi ni namba 05, yaani benki ya mteja imekataa, basi. Sababu haambiwi. Hela ikipungua kuna namba yake nyingine, 51.

Anayekataa ni kompyuta. Kazi hii ya kuipa miamala alama za hatari ya wizi ina miaka mingi: programu ya Falcon ilitolewa 1992 na kampuni ya HNC ya San Diego, ambayo baadaye ilinunuliwa na kampuni ya FICO, na alama zake zinaanzia 1 hadi 999. Alama ikipanda juu ya kiwango ambacho benki imejiwekea, muamala unasimama. Nchi uliyopo inahesabiwa, sikufichi. Lakini haihesabiwi peke yake. Inachoangaliwa zaidi ni wewe na mazoea yako: unanunua wapi, saa ngapi, kiasi gani, duka la aina gani. Kila duka lina namba ya tarakimu nne inayosema linauza nini. Vyakula ni 5411, ATM ni 6011. Kama kwa miaka yote kadi yako imejaa vyakula na mafuta ya gari, mabati ya nyumba nzima ni kitu kigeni hata ungeyanunulia Minnesota.

Sasa tazama siku yako kwa jicho la mashine. Mwizi akipata namba za kadi huanza na kitu kidogo sana aone kama iko hai. Ikikubali, anakimbilia fedha taslimu na vitu vya bei kubwa kabla mwenyewe hajaamka. Wewe umeanza na mkate, ukaenda ATM, ukamalizia na mabati, yote siku moja, na Minneapolis ilikuwa bado alfajiri. Kisha kurudia na kugawa malipo kukazidisha, maana majaribio ya mfululizo nayo yanahesabiwa, na kukatakata kiasi ndiyo mbinu ya mtu anayetafuta ukomo wa kadi.

Naamini kabisa kwamba benki ilikutafuta. Ujumbe wa kuuliza kama ni wewe ulikwenda kwenye laini yako ya Marekani, na laini hiyo wengi wetu tunaichomoa tukishuka tu Songwe ili tuweke ya nyumbani. Hapo ndipo tunapokwama. Nawasihi: kabla ya safari washeni romingi ya ujumbe, laini ya nje ikae sehemu ya pili ya simu, na programu ya benki iwe imeshafunguliwa kwenye simu hiyohiyo, kwani hiyo inafanya kazi kwa bando la kawaida. Namba ya benki iandikeni ile ya kupigia kutoka nje ya nchi, zile za bure za 800 mara nyingi haziingii ukipiga kutoka Tanzania.

Leo piga simu sasa hivi, wako kazini usiku na mchana. Mwambie duka, kiasi, na kwamba kesho utarudia palepale. Ukiulizwa kwenye ujumbe kama muamala ni wako, jibu ndiyo kwa uhakika. Ukijibu hapana, kadi inafutwa na mpya inatumwa Minneapolis wakati wewe uko Uyole.

Jambo moja linaniuma kuliko yote. Wezi nao wanatuma ujumbe wa namna hii. Wa benki unataka ndiyo au hapana tu. Akipiga mtu na kusema "nisomee hizo tarakimu sita zilizoingia", kata simu. Ni ndugu yake yule wa "ile hela tuma kwenye namba hii", na wazee wetu kule tayari wanamjua.

Kutoka: mama wa Leicester

Asante mwanangu, umefafanua. Niongeze la sheria. Marekani mwizi akitumia kadi yako ya mkopo, sheria inakuwekea ukomo wa dola 50. Kadi inayochota akauntini moja kwa moja ni tofauti: dola 50 ukitoa taarifa ndani ya siku mbili za kazi, ukichelewa inaweza kufika 500 na kuzidi. Huku Uingereza ni pauni 35. Kwa hiyo safarini mimi sitoi ile ya akaunti nje ya pochi, isipokuwa kwenye ATM iliyo ndani ya benki.

Kutoka: kijana wa Iringa, Stockholm

Shikamooni. Mdogo wangu anasimamia ujenzi wetu Ipogolo. Nikirudi Sweden naweza kumwachia kadi na namba ya siri, awe analipia saruji?

Kutoka: dada wa Columbus, Ohio

Marahaba. Hapana, mdogo wangu, usifanye hivyo. Kadi itachanjwa Ipogolo asubuhi, na wewe utalipia treni Stockholm kwa simu saa hiyohiyo. Mashine inajua hakuna mtu anayeweza kuwa sehemu mbili, itaifunga. Na mkataba wa kadi unakataza kugawa namba ya siri, hivyo hela ikipotea benki itakuambia uliitoa mwenyewe, na kinga za namna ya zile alizotaja mama zinaweza kukuponyoka. Mtumie hela kwenye simu au akaunti yake, akulipie dukani, akupigie picha risiti.