Mawakili vishoka wa Houston, acheni kuwauzia watu hati za kuhamisha nyumba!

Wakuu, heshima kwenu. Nilikuwa kimya kwa sababu ndugu zangu waliniomba mambo haya yasitoke nje ya familia. Sasa wameniruhusu, na uvumilivu umenishinda, maana watu wale wale bado wanatangazwa kwenye magrupu yetu ya WhatsApp kila wikiendi kana kwamba hakuna kilichotokea.

Nawazungumzia wenye ofisi za "huduma zote" hapa Houston. Wanajaza fomu za kodi, wanakata tiketi, wanasafirisha mizigo ya Dar na Mombasa, na siku hizi wanahamisha umiliki wa nyumba. Bei dola 650, unasubiri hapo hapo kwenye kiti. Anayekuhudumia si wakili. Ana mhuri wa notari tu, yaani wa kuthibitisha saini, na kwa watu wetu mhuri ukishagongwa basi jambo limekwisha.

Kilichowapata ndugu zangu ni hiki. Kaka na dada walinunua nyumba pamoja, majina yote mawili yakaingia kwenye hati ya umiliki. Mkopo wa benki ulichukuliwa kwa jina la kaka peke yake kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na rekodi nzuri ya mikopo. Dada ndiye anayekaa pale na ndiye anayelipa kila mwezi, hajawahi kuchelewa. Kaka akaoa, akahamia Dallas, akataka kununua nyumba yake na shemeji. Ndipo akaelekezwa kwa huyo jamaa, naye akamwambia: weka saini kwitikleimu (quitclaim deed, hati ya kuachia haki zako kwenye nyumba), jina lako linatoka, umemalizana na ile nyumba, nenda kanunue nyingine.

Kaka akaweka saini. Akaenda benki Dallas. Benki ikamwonyesha deni lote la nyumba ya Houston bado liko kwake, ikamnyima mkopo.

Na benki haikumwonea. Kwitikleimu inamwachia mwenzako haki yoyote uliyokuwa nayo kwenye nyumba, ikiwa ulikuwa nayo. Basi. Haigusi mkopo hata kidogo. Mkataba wa deni ni kati yako na benki, na benki haikuwepo mezani siku mnasaini. Kwa hiyo leo kaka yangu hana hata tofali moja kwenye ile nyumba, lakini deni lote ni lake. Mungu apishie mbali, dada akiugua au akifukuzwa kazi, rekodi itakayochafuka ni ya kaka, na hana tena nyumba ya kuuza ili ajiokoe. Kuna mtu alipokea dola 650 kumweka kwenye hali hiyo!

Kuna jingine ambalo hakuambiwa. Mikataba mingi ya mikopo ya nyumba Marekani inairuhusu benki kudai deni lote kwa mkupuo nyumba ikihamishwa bila ridhaa yake. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1982, Garn-St Germain, inazuia benki kufanya hivyo katika uhamisho fulani wa kifamilia, kwa mfano kwenda kwa mke, mume au watoto wa mkopaji. Ndugu kumwachia ndugu wakati wote wawili wako hai hakumo. Mara nyingi benki hazijisumbui maadamu rejesho linaingia, lakini dada yangu anaishi kwa huruma ya benki bila hata kujua.

Sasa mniruhusu niwaeleze hiyo karatasi yenyewe, maana nimeishika mkononi. Ni ukurasa mmoja na nusu, fomu ya kudaundilodi. Juu imeandikwa kwamba kwa malipo ya dola 10 na mengineyo, mtoaji anaachia haki zake zote. Kwenye nafasi ya maelezo ya kisheria ya kiwanja, pale panapotakiwa namba ya loti, bloku na jina la mradi wa viwanja kama ilivyosajiliwa kaunti, jamaa ameandika anwani ya barua! Namba ya nyumba, jina la mtaa, Houston, Texas, zip. Kwenye hali ya ndoa ya kaka ameacha patupu, wakati Texas nyumba ikiwa ni makazi ya familia haihamishwi bila saini za mume na mke wote wawili. Hakuuliza. Angeulizaje wakati hajui kwamba ni swali?

Dada alipotaka kuchukua mkopo mpya kwa jina lake ili amtoe kaka kwenye lile deni, kampuni ya bima ya umiliki, inayokinga benki na mwenye nyumba dhidi ya kasoro za hati, ikaikataa ile karatasi. Texas hizi hati zinaogopwa miaka nenda rudi, kwa sababu anayeachia haki hakuahidi kwamba alikuwa na chochote cha kuachia. Mwaka 2021 sheria ililegezwa kidogo, lakini nafuu yake inakuja baada ya hati kukaa kwenye rejista ya kaunti miaka minne. Mwenye haraka haimsaidii.

Tulipompata wakili wa kweli alisikiliza mara moja tu akatuambia kilichotakiwa kufanyika. Dada angetafuta mkopo wake kwanza, halafu hati ingesainiwa siku hiyo hiyo mkopo wa zamani unapolipwa. Au kama haiwezekani, kaka angehamisha kwa hati yenye dhamana maalumu (special warranty deed, ambayo mtoaji anadhamini kwamba yeye mwenyewe hakuuharibu umiliki), na dada angempa kaka hati ya rehani ya kumlinda, ili dada akishindwa kulipa kaka aweze kuirudisha nyumba. Hili ni jambo la kawaida kabisa Texas, linafanyika kila siku watu wanapoachana kwenye ndoa.

Na kinachonichoma zaidi ni hiki: biashara hii imekatazwa. Sura ya 83 ya Kanuni za Serikali za Texas inamzuia mtu asiye wakili kutoza pesa kwa kuandaa hati inayogusa umiliki wa ardhi au nyumba, isipokuwa wachache waliotajwa humo kama madalali wenye leseni. Aliyelipa anaweza kushtaki arudishiwe pesa yake na fidia juu. Jamaa alipoulizwa na dada akajibu, "Mimi nilijaza fomu tu, ushauri sikutoa." Kumwambia mtu "umemalizana na ile nyumba" ni nini kama si ushauri?

Wazee wetu ndio wananitia hofu zaidi, kwa sababu huko ofisini wanashawishiwa wawaandikie watoto nyumba mapema "kukwepa mahakama" ya mirathi. Mzee aliyenunua nyumba kwa dola 90,000 ambayo leo ni 300,000 akimpa mwanae akiwa hai, mtoto anabeba ile bei ya 90,000 kwenye hesabu ya kodi siku atakapouza. Akirithi baada ya mzee kufariki, hesabu inaanzia thamani ya siku ya kifo. Tena mzee akija kuhitaji Medicaid (bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo) imlipie nyumba ya wazee, zawadi alizotoa ndani ya miaka mitano huangaliwa. Na tangu 2015 Texas ina hati ya kuhamisha nyumba wakati wa kifo: mzee anabaki mwenye nyumba mpaka mwisho na anaweza kuifuta akibadili mawazo. Hao vishoka hawakuambii habari zake kabisa.

Maadmini wa magrupu, nawaomba kwa heshima zote: futeni matangazo ya uhamisho wa nyumba yasiyo na jina la wakili na namba yake ya leseni. Namba inahakikiwa bure kwenye tovuti ya Chama cha Mawakili cha Texas. Asiye na uwezo, Lone Star Legal Aid wanasaidia bure watu wa kipato cha chini, na TexasLawHelp ina fomu na maelezo yaliyoandaliwa na wanaojua sheria. Na mkishatapeliwa msiishie kulaumiana kwenye simu, kuna kamati ya Mahakama ya Juu ya Texas inayopokea malalamiko ya watu wanaofanya uwakili bila leseni. Sisi yetu tunaipeleka.

Ninachoomba kwa walioyapitia: kuna aliyefanikiwa kurekebisha hati ya namna hii Harris County kwa hati ya marekebisho, au ililazimu kuandika upya yote? Wakili alitoza kiasi gani? Na kama nawe ulilipa ofisi ya aina hii, nitumie ujumbe inboksi, kamati ikiona malalamiko ni mengi haitasema ni ugomvi wa familia moja.

Nawasilisha.