MREJESHO: Wasichana wa shule za kata na mafunzo ya utafiti maabara

Wakuu, nilileta uzi nikiuliza kwa nini mafunzo yetu ya likizo ya utafiti wa sayansi na uhandisi hapa Dar yanajaza vijana wa shule binafsi, huku wasichana wa michepuo ya sayansi, PCM (fizikia, kemia, hisabati) na PCB (fizikia, kemia, biolojia), kutoka shule za kata hawaombi kabisa. Asanteni kwa michango, hata ile ya kejeli.

Aliyesema tuanze na wazazi alipatia. Mama mmoja wa Chanika, pembezoni mwa Dar, hakuuliza lolote kuhusu sayansi. Aliuliza: "Mwalimu, magari ya jioni yanajaa, binti yangu atarudi na nani?" Halafu kuna nauli. Likizo mtoto hana sare, konda anamtoza ya mtu mzima, kwenda na kurudi, kila siku. Fomu nzuri haimfikishi Mlimani kwenye mafunzo. Sasa nauli tunalipa kila Jumatatu asubuhi, taslimu, na tunafunga saa tisa.

Pia tumeiga Young Scientists Tanzania, waandaaji wa maonyesho ya sayansi ya wanafunzi wa sekondari, ambao wanawapokea wanafunzi wawili wawili na mwalimu wao. Binti akija na mwenzake, mzazi anapumua. Kigezo cha ufaulu tumekiacha, tunauliza swali moja: kitu gani mtaani kwenu ungependa kukipima? Mmoja kaandika chumvi ya maji ya kisima cha jirani. Huyo tulimchukua palepale.

Maombi ya wasichana yameongezeka sana. Wenye ulemavu bado; maabara iko ghorofani, lifti hamna. Mwenye ukumbi wa chini aje PM (ujumbe wa faragha).