Emoji ya samaki imenimalizia salio la SMS: naomba ushauri

KijanaWaKirumba: Ndugu zangu, nawasalimu kutoka Mwanza. Ninamwandikia mama mmoja anayeuza dagaa na sangara hapa mwaloni Kirumba programu ya Python, ambayo kila asubuhi huwatumia wanunuzi wake 60 SMS yenye bei za siku na saa ambayo boti la Ukerewe litang’oa nanga. Wiki iliyopita aliomba ujumbe upambwe kidogo, nami nikapakua maktaba ya `emoji` (msimbo uliokwisha kuandikwa na wengine), nikaandika `emoji.emojize(":fish:")`, na samaki akatokea vizuri kwenye skrini yangu. Hata hivyo, MySQL, kanzidata ninamotunzia jumbe, iligoma kuhifadhi ujumbe huo, ikilalamikia `\xF0\x9F\x90\x9F`. Nilipoiruka hatua hiyo nikatuma moja kwa moja, nilikatwa SMS 180 badala ya 60, ilhali ujumbe wenyewe una herufi 145 tu. Wenye simu za kitochi nao wanasema wameona kiboksi kitupu. Je, maktaba hii ina kasoro?

FundiMajedwali: Maktaba haina kosa, kaka. Hizo ulizoziona ni baiti nne za samaki huyo katika UTF-8, mfumo wa kuhifadhi herufi na alama kwa baiti, na jedwali lako bila shaka linatumia `utf8` ya zamani ya MySQL, ambayo licha ya jina lake huishia baiti tatu kwa kila herufi. Weka nakala ya data pembeni kwanza, kisha ulibadilishe jedwali liwe `utf8mb4`, na muunganisho kutoka Python nao uutajie `utf8mb4`, kwani wengi husahau hapo.

BintiWaNyegezi: Kuhusu salio, SMS moja hubeba herufi 160 iwapo zote zimo katika GSM, orodha fupi ya herufi za kawaida za SMS. Ikiingia hata alama moja isiyokuwamo, ujumbe wote huhamia mfumo mwingine unaobeba 70 tu, na ukigawanywa, kila kipande hubeba 67. Kwa hiyo 145 zako, pamoja na samaki anayehesabiwa mbili, ni vipande vitatu. Hifadhi emoji kwenye kanzidata, lakini kabla ya kutuma SMS pitisha maandishi kwenye `emoji.replace_emoji`, ibadilishe kila emoji kwa maneno utakayotaka. Sikushauri `demojize`, maana itamwandikia mnunuzi wa dagaa `:fish:`, na huyo atadhani simu imeharibika. Tengeneza kamusi yako ndogo, ili 🐟 isomeke “samaki”.

KijanaWaKirumba: Nashukuru sana. Kanzidata sasa inapokea, na samaki amekuwa neno. Ajabu ni kwamba leo nimekatwa 180 tena, na nimekagua ujumbe wote bila kuona emoji hata moja.

BintiWaNyegezi: Ujumbe huo uliuandika wapi? Tazama neno “litang’oa”. Ikiwa ulilinakili kutoka Word, ritifaa yake imepinda, nayo haimo katika orodha ya GSM, iliyonyooka imo. Ongeza `.replace("’", "'")` kabla ya kutuma.

KijanaWaKirumba: Ni hiyo hiyo ritifaa! Nimejaribu sasa hivi kwa namba yangu, nikakatwa SMS moja. Mama amelikubali neno “samaki” kwa shingo upande, ila kwenye WhatsApp ameng’ang’ania samaki wake abaki, na huko nimemwachia.