Kumfuatilia mteja wa lishe akishaondoka: daftari, WhatsApp, jedwali au programu ya kulipia?

KijikoKimoja

Wadau wa lishe, habari za jioni. Nina chumba cha ushauri Sinza, huu ni mwaka wangu wa pili. Wengi wanaokuja ni watu wa kisukari, presha na uzito, na wachache wana gauti. Wateja wapya napata. Shida yangu ni marudio. Mtu anakuja mara ya kwanza, tunakaa karibu saa nzima, anaondoka na mpango wake amefurahi, halafu kimya. Nikimpigia baada ya mwezi nakuta aliacha siku ya tano kwa jambo ambalo tungelimaliza kwa dakika mbili. Mmoja dona ilimjaza gesi akadhani haimfai kabisa. Mwingine mkewe alihamishiwa zamu ya usiku, akarudi kwenye chipsi mayai kila jioni. Inaniuma, maana hawa walikuwa na nia.

Kwa sasa natumia kaunta buku na kichwa changu. Wateja wanaoendelea ni kama 70. Niko peke yangu, dada wa mapokezi tunamtumia pamoja na wapangaji wengine wa jengo. Nafikiria kubaki na daftari na simu lakini kwa nidhamu zaidi, au WhatsApp Business, au jedwali la Google Sheets na kalenda, au nijilipue kwa programu za wataalamu wa lishe kama Nutrium, Practice Better au Healthie. Mliozitumia naomba uzoefu wenu.

DonaNaDagaa

WhatsApp Business, mwaka wa tatu sasa. Uzuri wake ni kwamba mteja tayari yupo humo, humfundishi kitu. Nunua laini ya kazi peke yake, usichanganye na ya nyumbani. Weka lebo: mpya, anasubiri vipimo, amepitiliza tarehe. Yale maelezo unayorudia kila siku, mfano jinsi ya kupima ugali kwa ngumi yako mwenyewe, yahifadhi kama majibu ya haraka. Picha za sahani zinasaidia sana. Mtu akiniambia amekula "wali kidogo" na picha ikaja, tunaelewana bila ubishi.

Ila nikwambie ukweli. WhatsApp inakuonyesha anayeongea. Anayeandika kila siku anakaa juu, aliyenyamaza anashuka mpaka humwoni tena, na huyo aliyenyamaza ndiye uliyekuwa unamtafuta. Mwaka wa kwanza nilidhani nafuatilia watu wote kumbe nafuatilia wasemaji kumi na tano.

Na ile orodha ya kutuma kwa wengi inachukua watu 256, lakini ujumbe unamfikia tu aliyehifadhi namba yako. Mimi siku ya kwanza namwomba aihifadhi palepale akiwa kwenye kiti.

Mzizima

Nakubaliana na mkuu hapo juu, na naongeza kuhusu wazee wetu. Nusu ya wateja wangu wako Mbagala na Gongo la Mboto, wana vitochi, au wana simu kubwa lakini bando linawashwa jioni tu. Kwa hawa hakuna kinachoshinda kupiga. "Shikamoo mzee, umeamkaje? Ile chai ya asubuhi inakwendaje bila sukari?" Basi, atakueleza yote, mpaka ya mjukuu.

Meseji ya kawaida nayo msiidharau, inafika hata kama hana bando. Tahadhari moja: simu nyingi si za mtu mmoja. Ya mama anaishika mwanawe, ya mke mume anaifungua. Usiandike jina la ugonjwa wala majibu ya kipimo. Mimi naandika hivi tu: "Habari, nakukumbusha miadi yetu Alhamisi saa 4 asubuhi. Ukikwama nijulishe tupange siku nyingine." Hakuna sukari, hakuna presha, hakuna virusi.

KijikoKimoja

Asante, Mzizima. Hilo la simu ya mwanawe sikuwahi kuliwaza, na nimeshatuma meseji za vipimo mara nyingi tu.

Je, kundi la WhatsApp la wateja wote, wapeane moyo? Kuna mwenzetu ananishauri.

DonaNaDagaa

Usifanye hivyo, dada. Kundi linaweka wazi namba ya kila mtu na sababu yake ya kuwepo. Nililifungua, siku ya pili mteja mmoja akamkuta humo bosi wake wa kazini. Alitoka bila kusema neno na hakurudi kwangu. Nilimpigia kumwomba radhi, na alikuwa na haki ya kukasirika.

BiMatembele

Wanangu, nimewasoma wote. Nimekaa wodini miaka mingi kabla ya kufungua pangu Upanga, na mnaanza na chombo kabla ya kujiuliza swali lenyewe: nani hawezi kusubiri?

Chukua mzee wa kisukari anayetumia insulini au glibenklamidi, vidonge vya kushusha sukari. Umempunguzia ugali, umeondoa soda, umemkatia chapati za asubuhi. Yeye ni mtiifu, anafuata yote kuanzia kesho. Dozi ya dawa ni ileile ya wakati anakula sahani iliyojaa. Siku ya tatu sukari inashuka, anatetemeka, jasho linamtoka, anachanganyikiwa. Ikiwa chini ya milimoli 4 kwa lita kwenye kipimo, anahitaji kitu chenye sukari saa hiyohiyo, kama gramu 15, halafu apimwe tena baada ya dakika 15. Mtu huyu ukimpa tarehe ya kurudi baada ya mwezi umemweka hatarini, hata ukiwa na programu ya dola mia. Kabla hajatoka mlangoni, daktari wake ajue umebadilisha chakula. Na siku ya pili na ya tano unampigia kwa sauti yako, si meseji.

Nilishampokea wodini mama wa namna hiyo. Alikuwa amepewa mpango mzuri kabisa wa chakula na mtu ambaye hakumuuliza anatumia dawa gani. Alipona, lakini tangu siku hiyo sijawahi kuweka tarehe ya marudio kabla ya kusoma orodha ya dawa.

Anayetumia metformini pekee, dawa nyingine ya kisukari, si wa haraka kiasi hicho. Wa figo unayemchezea mchicha na ndizi naye ni wa haraka karibu vilevile, kwa sababu potasiamu ya vyakula hivyo ikipanda kwenye damu haimwonyeshi dalili mapema. Tafuta tarehe ya kipimo chake cha damu na wewe uipange yako hapo. Wa uzito tu, ambaye hana dawa, wiki mbili zinatosha.

Na Ramadhani, yeyote mwenye insulini anayetaka kufunga muone kabla mwezi haujaandama. Ukisubiri mpaka wiki ya pili ya futari umechelewa.

Halafu HbA1c, kile kipimo cha damu cha sukari ya muda mrefu. Chembe nyekundu za damu zinaishi kama siku 120, kwa hiyo kipimo kile kinakuonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu iliyopita. Mteja akikimbilia kupima baada ya wiki tatu atakuta namba haijasogea sana, atakata tamaa, utampoteza. Mwambie mapema: wiki hizi tunaangalia sukari ya asubuhi kabla ya kula, kile kikubwa tunakipima baada ya miezi mitatu. Mimi wengi walikuwa wananikimbia hapo.

TabataKimanga

Mama, shikamoo. Nimeinakili yote.

Mimi ni mtu wa jedwali, na maneno ya BiMatembele ndiyo yanayofanya jedwali liwe na kazi. Safu zangu ni chache: jina la kwanza na herufi, namba ya simu, dawa hatarishi ndiyo au hapana, siku ya kumtafuta tena, jambo moja aliloahidi, kipimo tunachokifuatilia. Hiyo ya siku ya kumtafuta nimeiwekea rangi, ikipitwa mstari unageuka mwekundu wenyewe. Kila Jumatatu saa 2 asubuhi, kabla ya mteja wa kwanza, napanga jedwali kwa tarehe na kupiga simu za wekundu. Linafunguka kwenye simu hata mtandao ukikatika ukiliwezesha. Halina gharama.

Safu ninayoipenda ni ya ahadi. Si "punguza wanga". Ni "maandazi Jumamosi tu". Nikimpigia nauliza hilo tu, na yeye anashangaa nimekumbuka. Kwangu kumbukumbu hiyo ndiyo iliyorudisha watu kuliko punguzo lolote la bei.

Kuhusu bei, najua kuna wanaosema mteja alipe kifurushi cha mara tatu mwanzoni ndipo atarudi. Nilijaribu. Walirudi, lakini walioshindwa kulipa kwa mkupuo hawakuanza kabisa, na hao wengi walikuwa wagonjwa kuliko wengine. Sasa nalipisha kila mara, na simu ya dakika tano ni bure.

Mzizima

Hapo kwenye kifurushi tutatofautiana kidogo, TabataKimanga. Mimi nakipa nafasi ya kulipa kidogokidogo kwa simu, na kinanisaidia kulipa kodi ya chumba. Ila simu ya siku ya tatu kwangu pia ni bure.

MtaaWaKongo

Nimetumia moja ya programu za kulipia miezi minane. Sitaitaja, haikuwa na kosa, haikutengenezwa kwa ajili ya wateja wangu. Ni nzuri sana kwa mpangilio: miadi, kumbukumbu, vikumbusho vinajituma, mteja anajaza alichokula. Lakini inalipwa kwa dola kwa kadi kila mwezi, mteja wa kwangu Kariakoo hakutaka kupakua kitu kipya, na kwenye orodha ya vyakula ilibidi niingize kisamvu, matembele, vitumbua na togwa kimoja kimoja kwa mkono. Walioitumia vizuri ni wateja wangu wanne walioko nje ya nchi. Kama una wataalamu watatu wanaogawana wateja, au unahudumia Watanzania walioko Uingereza, ifikirie. Ukiwa peke yako na watu 70, bado.

Kitu kingine, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inatumika tangu 1 Mei 2023. Taarifa za afya ziko kwenye kundi la taarifa nyeti, na sheria inagusa pia kuzipeleka nje ya nchi. Hilo linahusu programu hizi, na linahusu jedwali la Google pia. Fomu ya kwanza ya mteja iwe na sehemu anayosaini kukubali umtunzie taarifa na umtafute kwa njia ipi. Usajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi nao ufuatilie. Na hata kaunta buku lisikae juu ya meza ya mapokezi mnayoshirikiana na wengine.

TabataKimanga

Ndiyo maana naandika jina la kwanza na herufi tu, na simu ina nywila. Nitaongeza na hiyo saini.

KijikoKimoja

Narudi baada ya wiki tatu. Samahani kwa kukaa kimya, mvua ilipofunga barabara ya Jangwani watu hawakufika, nikatumia siku zile mbili kuhamisha daftari kwenye jedwali.

Nilianza na swali la BiMatembele. Kati ya 70, wenye insulini au glibenklamidi ni 11. Nilikuwa sijui idadi hiyo, na sikuwahi kuitafuta. Niliwapigia wote jioni moja. Watatu walishawahi kutetemeka usiku na hawakuniambia kwa sababu walidhani ndiyo mwili unazoea chakula kipya. Wote watatu wamesharudi kwa madaktari wao, mmoja amepunguziwa dozi.

WhatsApp nimebaki nayo kwa picha na maswali, jedwali kwa kujua nani kanyamaza, simu kwa wale 11 na wazee. Programu ya kulipia nimeiweka kando. Fomu mpya yenye saini imeshachapishwa, na kwenye fomu hiyo swali la dawa sasa liko juu kabisa, kabla ya uzito.

BiMatembele, naomba nije Upanga siku moja nione unavyoongea na mgonjwa wa figo kwenye simu. Hao ninao wawili, na bado nawaogopa.

BiMatembele

Njoo Jumatano mchana, mwanangu. Njoo na majibu yao ya damu ya mwisho, na majina uyafunike.