Naomba ushauri: tuanzeje mradi wa mazingira wa vitendo chuoni?

Mwaka wa Pili:
Ndugu wanajukwaa, sisi ni wanafunzi tisa wa chuo kikuu tuliochoshwa na makongamano ya mazingira yanayoishia kwenye mabango, nasi tunataka kazi ya mikono itakayowafaa wanachuo pamoja na majirani walio nje ya uzio. Tumefikiria kupanda miti, kutengeneza mboji kwa mabaki ya bwaloni na kuvuna maji ya mvua. Kikundi kilichotutangulia kilipanda miche mingi, lakini yote ilikauka wakati wa likizo ndefu, na jambo hilo bado linatuuma. Tuanze na lipi?

Mtunza Bustani:
Anzeni na mboji peke yake, kwa sababu malighafi yake mnayo kila siku na matokeo yake yataonekana kabla hamjahitimu. Hata hivyo, msichimbe shimo lolote kabla ya kupima mabaki ya bwaloni kwa mizani kwa wiki nzima, mkitenganisha maganda na mboga na chakula kilichosazwa mezani. Takwimu hizo ndizo zitakazowaonyesha ukubwa wa eneo mnalohitaji, na uongozi utawasikiliza kwa urahisi zaidi mkiwa na kilo zilizoandikwa kuliko mkiwa na hisia tu. Wapishi na wafanya usafi washirikishwe tangu siku hiyo ya kwanza, maana wao ndio watakaotenganisha mabaki nanyi mkiwa darasani.

Mwaka wa Pili:
Ahsante sana, mkuu. Hofu yetu ni harufu, kwani mabweni yako karibu.

Mtunza Bustani:
Hofu hiyo ni ya haki, lakini harufu ina sababu zake. Kwa kila ndoo ya mabaki mabichi wekeni ndoo mbili au tatu za majani makavu, kisha lundo liwe na unyevu wa sponji iliyokamuliwa. Likinuka kama mayai viza limekosa hewa, hivyo ligeuzeni. Likitoa harufu kali ya amonia, yaani kama ya mkojo uliokaa, ongezeni majani makavu. Nyama na mafuta msiyatie kabisa, kwa kuwa huvuta panya. Lundo lenye mita 1 kwa kila upande huweza kufikia nyuzijoto 55 hadi 65, na joto hilo likidumu siku kadhaa huku lundo likigeuzwa, huua vimelea na mbegu nyingi za magugu.

Mlezi wa Klabu:
Naongeza kuhusu ile miche, kwa sababu nimeshuhudia msiba huo zaidi ya mara moja. Iliyokosekana ilikuwa ratiba ya umwagiliaji yenye jina la mtu anayebaki chuoni wakati wa likizo, yaani mfanyakazi wa kudumu au jirani, na mtu huyo alipwe au apewe sehemu ya mavuno. Waulizeni majirani wanahitaji nini kabla ya kuwapelekea chochote. Huenda mboji wakaithamini kuliko miti. Maji ya mvua yafuate baadaye: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1, hivyo paa la mita za mraba 200 likipata milimita 20 hukusanya karibu lita 4,000, ukiacha kinachopotea njiani. Pia pokeeni wanafunzi wa mwaka wa kwanza kila muhula, na daftari la vipimo libaki ofisini kwa mlezi.

Mwaka wa Pili:
Tumekubaliana. Jumatatu tutamwomba mpishi mkuu ruhusa ya kupima, na miche itasubiri hadi tupate mtu wa kuimwagilia likizoni.