Ratiba ya mwaka ya maktaba ya chuo cha maendeleo: nini kifanyike mwezi gani huku kwetu?

Kabati_la_Kadi ameuliza:

Shikamooni wakubwa, wengine habari za leo.

Maktaba ni ya chuo cha maendeleo ya wananchi, upande wa Mufindi. Vitabu ni kama 1,900, kompyuta mbili za zamani, intaneti ya bando la simu. Wasomaji ni wanachuo wa ushonaji, useremala, umeme na kilimo, wasichana wanaorudia sekondari, na wanakijiji wachache. Ratiba ya shughuli za mwaka inatakiwa mezani kabla chuo hakijafunguliwa Januari. Iliyopo imenakiliwa mahali: Februari maonyesho ya vitabu, Machi shindano la kusoma, Aprili Siku ya Vitabu, na watu hawaji. Naomba mawazo juu ya kipi kiwekwe mwezi gani, matangazo yawafikieje watu wa vijijini, na nyenzo gani zinatumika bila intaneti ya kudumu.

Rafu_630 amejibu:

Hawaji kwa sababu Februari njia ni tope na mikono iko kwenye majembe. Hiyo ratiba imeandikwa na mtu asiyelima.

Huku mvua ni msimu mmoja, Novemba hadi Aprili au mwanzoni mwa Mei. Anzia hapo. Kanuni ni moja tu: kitabu kiwekwe mezani mwezi mmoja kabla ya kazi yake. Cha mbegu kikitolewa Desemba, mbegu imeshanunuliwa na kufukiwa.

Kwa hiyo Septemba na Oktoba mezani viwepo vya udongo na mbolea (namba za Dewey za kupanga rafuni: 631.4 na 631.8) pamoja na mahindi (633.15). Ambatanisha, Septemba hiyo, somo la saa moja la kuchukua sampuli ya udongo: kina cha sentimita 20, sehemu 10 hadi 15 kwa kwenda zigizaga, changanya kwenye ndoo ya plastiki, bakiza nusu kilo. Ndoo ya bati iliyoota kutu inaharibu majibu ya madini ya chuma na zinki, na hapo ndipo wengi hukosea.

Mei na Juni ni mavuno, zungumzia uhifadhi. Jaribio la chumvi linavuta watu kuliko bango lolote. Chupa ya kioo iliyokauka kabisa, mahindi hadi theluthi, vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, funga, tikisa dakika mbili tatu, acha itulie robo saa. Chumvi ikigandia kwenye kioo, mahindi bado yana unyevu zaidi ya asilimia 15, yarudishwe juani. Chumvi yenyewe ikiwa na unyevu itaganda hata kwa mahindi makavu, kwa hiyo ianike au ikaange kwanza. Vitabu viwe pembeni ya chupa, si chumba kingine.

Msimu hasa wa kusoma ni kipupwe, Juni hadi Agosti. Mavuno yamo ndani, barabara zinapitika, jioni ni ndefu. Shindano la kusoma lihamie huko. Siku ya Kiswahili Duniani ni 7 Julai, lakini hiyo ni Sabasaba, sikukuu ya kitaifa, chuo kimefungwa. Ifanyeni siku ya kazi iliyotangulia. Nane Nane mwende viwanja vya John Mwakangale pale Mbeya na boksi tupu. Taasisi za utafiti wa kilimo, TARI Uyole wakiwemo, na kampuni za pembejeo hutoa vipeperushi. Ombeni nakala mbili mbili, andikeni mwaka kwenye pembe ya juu siku hiyohiyo. Kipeperushi cha viuatilifu kisicho na mwaka ni hatari, maana dawa huondolewa sokoni na karatasi inabaki. 8 Septemba ni Siku ya Kisomo Duniani, inawafaa wa elimu ya watu wazima. Oktoba na Novemba msiweke shughuli yoyote: kidato cha nne na mtihani wa maarifa (QT) huwa Novemba, kinachotakiwa ni taa, viti na ukimya hadi saa 3 usiku.

Matangazo: mashine ya kusaga, gulio, zahanati, na kanisani Jumapili. La kanisani lifike Jumamosi na lisizidi sentensi tatu, la sivyo msomaji atalikata mwenyewe na atakachokata ni saa na mahali.

Nyaya_na_Bando amejibu:

Kwenye intaneti, acheni kufikiria bando la kila siku. Pakueni mara moja, gaweni bila bando. Programu ni Kiwix, haina malipo, na inasoma mafaili ya ZIM, yaani tovuti nzima iliyofungwa kwenye faili moja ili isomwe bila intaneti. Wikipedia ya Kiswahili ni faili dogo, linapakuliwa usiku mmoja. Ya Kiingereza yenye picha zote inazidi GB 90, msiiguse. Yapo matoleo yaliyochambuliwa kwa mada, kama tiba peke yake.

Kompyuta moja iwe ya kugawa. Fungueni faili ndani ya Kiwix, washeni seva ya ndani kwenye menyu, na simu zilizoungwa kwenye ruta hiyohiyo ziandike anwani inayoonekana kwenye skrini. Ruta haihitaji laini wala bando. Matatizo ni mawili, yanajirudia kila mahali. Kwanza, faili la zaidi ya GB 4 halikubali kuingia kwenye flashi iliyofomatiwa kwa mfumo wa zamani wa FAT32, linakataa hata kama nafasi ipo. Ifomatini flashi kwa exFAT. Pili, simu zinaona ruta lakini ukurasa haufunguki: ngome ya Windows (firewall) imeifungia Kiwix, iruhusuni kwenye mtandao binafsi. Ongeza la tatu la simu zenyewe: nyingi zikiona ruta haina intaneti zinahamia kwenye data kimyakimya, kwa hiyo wasomaji wazime data kwanza.

Mkitumia Raspberry Pi (kompyuta ndogo ya bodi moja) badala ya kompyuta ya kawaida, umeme ukikatika ghafla kadi ya kumbukumbu huharibika. Izimwe kwa amri, na wekeni nakala ya pili ya kadi kabatini.

Kwa wasichana wa sekondari, vitabu vya kiada vipo kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, na mitihani iliyopita ipo kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani (NECTA). Ya NECTA chapisheni, wekeni kwenye jalada kwa somo na mwaka. Karatasi haiishiwi chaji. Kona ya watoto wa kina mama wanaosoma hapo iwe na hadithi za African Storybook. Zipo za Kiswahili na leseni yake inaruhusu kuchapisha.

Kabati_la_Kadi ameandika:

Ahsanteni sana, nimeanza kuihamisha ratiba. Mengine mawili. Rafu ya chini upande wa ukutani inanuka kuvu kila ikifika Machi, na baadhi ya vitabu vina madoa ya kijivu. Tumekuwa tukivianika juani. Pia faini ni shilingi 100 kwa siku, na vitabu vya ushonaji havirudi.

Gundi_na_Uzi amejibu:

Juani hapana. Gundi ya mgongo inakakamaa na kurasa zinajikunja, na kuvu haiishi, inalala tu ikisubiri Machi nyingine.

Kuvu inahitaji unyevu wa hewa wa asilimia 65 au 70 kwenda juu. Kipima unyevu kidogo cha betri kiwekwe nyuma ya hiyo rafu ya chini, si mezani kwa mkutubi ambako hewa inapita. Sogezeni rafu sentimita 10 kutoka ukutani na ubao wa chini uwe sentimita 15 juu ya sakafu. Halafu tokeni nje mkague ukuta huohuo: mara nyingi maji ya bati yanamwagikia kwenye msingi. Gata na mfereji vitaponya zaidi ya dawa yoyote.

Vilivyokwisha kuota madoa vitengeni, vikauke kivulini kwenye upepo mpaka doa liwe unga, ndipo mpanguse nje kwa brashi laini mkiwa na barakoa ya N95. Doa likipangusiwa bichi linapakaa na kuzama kwenye karatasi. Rafu ifutwe kwa spiriti ya asilimia 70. Jiki isiguse kurasa.

Kitabu kilicholoa mvua mna saa 48. Karatasi ya kawaida isimame wima, imefunguka kama feni, iwekewe karatasi za kunyonya kila kurasa 10 au 15. Zile za kung'aa, kama majarida ya mitindo ya nguo, zitenganisheni zikiwa bado mbichi, zikikauka zimegandana hazifunguki tena. Anayeazima masika apewe mfuko wa shangazi kaja mdogo wenye zipu. Mifuko ya plastiki ya kubebea ni marufuku tangu 1 Juni 2019.

Na kipupwe kisiwashawishi kuwasha jiko la mkaa mle ndani madirisha yakiwa yamefungwa. Masizi ni kero, ila kaboni monoksaidi inaua.

Rafu_630 amejibu:

La faini nina msimamo. Shilingi 100 kwa siku, miezi miwili ni 6,000, na anayedaiwa 6,000 anakificha kitabu na yeye mwenyewe harudi. Futeni faini, ongezeni muda: siku 14 kiangazi, siku 28 Novemba hadi Aprili. Kitabu kilichopotea kilipwe bei yake, basi.

Vya ushonaji (646.4) havirudi kwa sababu mtu anahitaji ukurasa mmoja wa vipimo, siyo kitabu. Wekeni meza kubwa, karatasi za kaki, rula na chaki ya fundi, wachore pateni palepale. Kimoja kibaki cha kusomea ndani, chenye utepe mwekundu mgongoni.

Kabati_la_Kadi ameandika:

Karatasi za kaki zipo karakana ya ushonaji, zinalala tu. Kipima unyevu nakitafuta Mafinga wiki hii.