Wanawake tuliovuka 35: siku zenu zilianza kubadilika lini, na kizazi je? Tupeane uzoefu

Mleta mada: Habari zenu ndugu zangu. Nina miaka 41, mtoto mmoja. Tangu mwaka juzi siku zangu hazieleweki: mara zije baada ya wiki tatu, mara zipite miezi miwili. Usiku naamka shuka limelowa jasho na feni inawaka. Mama mkwe anasema nimeshakoma, mashoga wananiletea dawa za kusafisha kizazi. Kliniki nilielezwa kwamba mwanamke huzaliwa na mayai yake yote, milioni 1 hadi 2, na akivunja ungo yamebaki kama 300,000 hadi 400,000. Yakipungua, tezi iliyo chini ya ubongo huzidisha homoni ya FSH ili kuyasukuma yaliyobaki, ndipo mzunguko hufupika kwanza, halafu unaanza kuruka. Bado natamani mtoto wa pili. Mliopitia, ilikuwaje?

MamaKitindamimba: Pole dada. Mimi nilikuwa na 44, siku zikakata nikajua ndiyo basi. Kichefuchefu kilipoanza nikasingizia vidonda vya tumbo. Kumbe mimba! Sasa yuko darasa la pili. Kukoma ni kukaa miezi 12 mfululizo bila damu. Kabla ya hapo yai laweza kutoka mwezi wowote, kwa hiyo hata asiyetaka mtoto asiache uzazi wa mpango.

Nuru_wa_Ziwani: Yangu ni chungu. Niliolewa na miaka 37, mimba haikushika, mawifi wakaniita tasa. Nikanywa mizizi ya kila aina, chungu hakikutoka jikoni. Mume alikataa katakata kupima. Alipokubali, mbegu zake ndizo zilikuwa chache, na mayai yangu nayo yalikuwa yameshapungua sana. Muda ule ndio unaoniuma mpaka leo. Ukivuka 35, miezi 6 ikipita bila mimba nendeni hospitali, tena WOTE WAWILI.

Muuguzi_Mkunga: Nuru, pole sana mdogo wangu. Mleta mada, FSH hupimwa siku ya 2 hadi ya 5 ya hedhi, AMH, homoni inayotoka kwenye vifuko vya mayai, siku yoyote. Ila AMH inaonyesha wingi wa mayai, ubora haiuonyeshi, na ubora ndio unaoshuka na umri. Ndiyo maana mimba hutoka zaidi, na uwezekano wa mtoto mwenye hali ya Down (ya kuzaliwa nayo, huchelewesha ukuaji na kujifunza) hupanda kutoka kama 1 kwa 1,000 mama akiwa na 30 hadi kama 1 kwa 100 akiwa na 40. Pima na tezi ya shingo, nayo huvuruga hedhi. Hizo dawa za kusafisha kizazi haziongezi yai hata moja, achana nazo.

Mleta mada: Asanteni mno. Nimemsomea mume wangu ya Nuru, amekubali twende. Dada muuguzi, siku zangu zikiruka hivi, hiyo siku ya 2 naihesabuje?

Muuguzi_Mkunga: Anza damu inapotoka kamili, matone usiyahesabu. Na zikichelewa, mamii, pima mimba kwanza.